Gozbert Kapasuliwa, Mie Nachomwa Sindano

Jumatatu, 3 Juni 1974
Mguu wa kushoto unawaka moto, toka kiunoni hadi kisigino. Daktari kasema kati ya pingili za mgongo wangu kuna kinofu kimechomoza, kinabana mshipa. Njia ni mbili: sindano tatu za mgongoni, au kupasuliwa. Kashauri sindano. Sindano! Jirani yangu Gozbert, tunayebeba naye magunia bohari moja, ana ugonjwa huu huu, na yeye kapasuliwa! Watu wanamiminika kwake na kuku. Mke wangu Mwajabu kampelekea supu mara mbili. Mie nimeulizwa kama nimenunua mkaa.

Jumatano, 5 Juni
Sindano ya kwanza. Imeuma, wallahi, lakini nani anaona tundu la sindano? Mjumbe wetu wa nyumba kumi, Mzee Mwinshehe, kanipa pole bila hata kusimama. Kisha kanikumbusha Jumamosi ni zamu ya shamba la tawi la chama. Nikauliza, na Gozbert je? Kasema Gozbert ni mgonjwa. Roho inaniuma kuliko mguu.

Ijumaa, 7 Juni
Msiba! Mguu umepoa. Nimeinama, nimevaa viatu mwenyewe. Nimechechemea mpaka hospitali, nikasema dawa haijashika, nipasuliwe tu. Daktari kanilaza, kaniinua mguu juu, nami nikasahau kulia. Kanitazama weee.
"Ndugu, mgongo wako unapona. Usinyanyue kitu kizito. Ukiuharibu, mguu huu utakufa ganzi."
Njia nzima nimefikiria neno moja tu: ukiuharibu.

Jumamosi, 8 Juni
Shambani nimejitolea kubeba gunia la mihogo peke yangu. Wakanipigia makofi. Hatua ya tatu kiuno kikalia ka! Nikaenda chini na gunia juu yangu. Mguu wote ganzi, hata siafu akiuma sisikii. Wamenibeba juu ya mlango kama machela. Mwajabu alikimbia pembeni, analia, kanga imemdondoka. Ananililia mie, si Gozbert! Sijapata kufurahi hivi tangu harusi yetu.

Alhamisi, 20 Juni
Nimepasuliwa! Wiki hii kuku watatu, maziwa kila siku, na Mzee Mwinshehe kaja wodini, kakaa kando ya kitanda changu saa nzima. Unyayo bado hausikii kitu. Daktari kasema huenda usirudi kabisa, na kazi ya magunia niisahau. Haya.

Kisha akaingia Gozbert, anatembea kama yuko gwarideni, mkononi chungwa moja. Akapandisha shati mbele ya wageni wangu wote. Alama za nyuzi kumi na moja! Muuguzi alikuwa ananibadilisha bandeji, basi wakanihesabu na mie. Saba. Mwajabu akaguna, akasema kumbe ya shemeji Gozbert ndiyo ilikuwa kubwa.

Nimemwita daktari. Nimemwomba anifungue tena, aongeze tano.