Kiti cha Meneja

Jumatatu, 2 Machi 1998
Miezi saba tangu shirika letu la umma lipate mwekezaji, na mwekezaji aone hanihitaji. Karani daraja la pili, miaka kumi na moja! Sasa tunakula kwa cherehani ya mke wangu, Theopista. Inaniuma.

Leo Angelina, muuza nyanya wa chumba cha pili, kaniambia kikundi chao cha mkopo kimepungukiwa mtu mmoja. Wanatakiwa watano wanaodhaminiana. Mmoja akishindwa kulipa, wanne wanamlipia. Hati ya nyumba haitakiwi. Nikamwambia nitalifikiria. Nililifikiria mpaka alipomaliza kufunga khanga yake, nikakubali.

Jumatano, 4 Machi
Mkutano nyuma ya kibanda cha Agnesi, mama lishe. Wanawake wanne na mimi. Celina, bibi mikopo aliyetumwa na wakopeshaji, binti mdogo lakini ana faili nene, kasema tuchague mwenyekiti. Nikasimama kabla hajakaa. Hotuba ya dakika ishirini kuhusu uongozi bora. Hakuna aliyegombea nami. Mikono yote ikanyooka, yote minane! Agnesi akasema tu kwamba ukubwa ni jalala. Wivu huo.

Kazini kwetu meneja alikuwa wa kwanza kwa kila kitu: mshahara, mchele, sukari ya mgao. Kwa hiyo mkopo wa kwanza ni wangu. Sikuona haja ya kuuliza.

Alhamisi, 5 Machi
Nimepita kwa Mzee Chandu, anayenunua samani za mashirika yaliyofungwa. Nikakiona. Kiti cha meneja wetu! Ngozi nyeusi, kinazunguka, na alama ya sigara mkono wa kulia. Miaka kumi na moja nimesimama mbele ya kiti kile. Elfu arobaini. Mwenyekiti bila kiti ni nani?

Chandu hakopeshi bila rehani. Kasema kwa upole kwamba hata kaka yake hamkopeshi. Theopista alikuwa Magomeni kwa dada yake. Nikabeba cherehani, nikarudi na kiti. Nina mpaka Jumamosi ya tarehe 14, baada ya hapo ni ya Chandu. Mkopo unatoka Jumatano. Hakuna shida hapo.

Jioni nikamwambia Theopista iko kwa fundi. Akasema mbona ilikuwa nzima. Nikasema huo ndio wakati mzuri wa kuipeleka. Ana sare thelathini za shule za kushona mwezi huu, kwa hiyo ananiuliza kila akipita.

Jumatano, 11 Machi
Loo! Celina kafungua faili. Wa kwanza kukopa ni Angelina na Agnesi. Wakilipa wiki sita bila kukosa, wawili wanaofuata. Wiki sita tena, ndipo mwenyekiti. Nikauliza mwenyekiti yupi. Akasema ni desturi, kiongozi hula mwisho ili asiache wenzake nyuma. Na mtu akichelewa kulipa, mwenyekiti ndiye anayemfuata mpaka kwake.

Wote walikuwa wanajua! Ndiyo maana mikono minane. Nikajiuzulu papo hapo, nikampendekeza Mama Bushiri, muuza samaki. Akasema hawezi kumnyang'anya mtu cheo chake. Celina akanifariji kwamba Juni si mbali.

Alhamisi, 12 Machi
Nimemrudishia Chandu kiti. Nilikibeba kichwani kuanzia Mtaa wa Sikukuu, watu wakinipisha. Akakizungusha. Akasema kiti kilichokaliwa wiki nzima ni mtumba. Nikamkumbusha kwamba hata siku aliponiuzia kilikuwa mtumba. Akasema sasa ni mtumba wa mtumba. Nikakibeba tena.

Ijumaa, 13 Machi
Mambo yameharibika. Ranjanben, mke wa Chandu, anashonesha blauzi zake kwa Theopista. Leo kamwita akamwelekeze kutia uzi kwenye cherehani ambayo kesho itakuwa yake. Theopista akaingia, akaiona. Akamtilia uzi. Akamwonyesha na namna ya kukaza mkanda. Akaaga.

Yote haya kanisimulia Angelina. Theopista mwenyewe alirudi akawasha jiko. Kapika ugali, kanipakulia, akageukia ukutani akalia bila sauti. Bora angenitukana. Niliona aibu. Naandika mara moja tu: niliona aibu.

Jumamosi, 14 Machi
Kikundi kimekutana bila mwenyekiti wake. Ni kinyume cha taratibu. Theopista alikwenda kuwaeleza. Wanawake wanne wakatoa elfu nane nane, yeye akatoa elfu nane aliyoificha kwenye kopo la vifungo. Chandu akalipwa saa nane mchana. Cherehani imerudi, lakini sasa ni mali ya watu watano, kila mmoja na hisa yake, na faida ya sare watagawana. Mimi nimeondolewa. Nafasi yangu kapewa Theopista.

Nikampongeza. Akaweka cherehani mezani, akanitazama kwa mara ya kwanza tangu jana.

"Nilikuwa nayo nzima, Isidori," akasema. "Sasa nina sehemu moja kati ya tano. Lakini hiyo moja huwezi kuiweka rehani mpaka wenzangu wanne watie sahihi."

Akaanza kushona.

Jumapili, 15 Machi
Theopista yuko misa. Nimekaa kwenye kiti, nimetafakari sana. Nimegundua kosa. Kosa ni la ule utaratibu. Nitaanzisha kikundi changu, ambacho mwenyekiti hukopa kwanza. Wanachama nimeshapata mmoja. Kinachokosekana ni meza. Chandu anayo ya meneja yule yule, elfu sitini.

Nilipokuwa nikizunguka taratibu, macho yakatua kwenye kitanda chetu. Mninga mtupu, futi tano kwa sita, zawadi ya mama mkwe. Na hakuna mtu mwenye hisa humo! Nimekipima mara mbili. Mlangoni kinapita, nikikilaza ubavu. Misa inaisha saa tatu na nusu.