Kreni Yangu Inaishia Robo

Jumatatu, 4 Machi

Kreni bado inaishia robo ya duara. Nasukuma kijiti cha rimoti mpaka mwisho, inatoka ubavuni hadi kwenye pua ya meli, basi, imegota. Kosa ni la servo, kile kimota kidogo chini ya sitaha kinachoigeuza. Na mashindano ya klabu yetu ya meli za mfano ni Jumapili! Sharti: uchukue mzigo upande wa kushoto, uuvushe juu ya meli, uuweke gatini upande wa kulia. Nusu duara. Robo haivushi kitu.

Mama mkwe ananitazama tangu asubuhi. Amekuja kukaa nasi baada ya kupasuliwa jicho, na kwa bahati yangu mbaya aliendesha kreni bandarini mpaka akastaafu. Amesema hiyo si kreni, ni geti. Alimwambia mke wangu, si mimi. Mimi hanisemeshi. Tangu harusi naitwa "huyu bwana". Jumapili anakuja kutazama, na ninataka aniite mkwe wangu mbele za watu. Mara moja tu! Sidai zaidi.

Kreni ya Daktari wa Meno, bingwa wa mwaka jana, inakwenda nusu duara taratibu, kama mtu anayejigeuza usingizini. Nilimuuliza siri. Akasema ni subira. Mnafiki mkubwa.

Jumanne, 5 Machi

Nimeifungua servo. Ndani kuna kijino cha plastiki kinachozuia gia isipite robo. Ahaa, kumbe mchawi wangu ni huyu! Nikakikata kwa wembe. Kulikuwa na kidude kingine kimeshikamana na mhimili. Nikaona hakina kazi, nikaking'oa.

Kumbe ndicho kinachoiambia mota imefika wapi. Kreni ikazunguka. Ikazunguka tena. Haikusimama! Ikapiga kikombe cha mama mkwe, ikavuta kitambaa cha meza, ikaendelea mpaka servo ikatoa moshi. Mama mkwe akamuuliza binti yake kama huyu bwana ana bima.

Jumatano, 6 Machi

Servo mpya, mbinu mpya. Gia kubwa kwenye servo, gia ndogo kwenye mguu wa kreni. Kubwa ikienda robo, ndogo inakwenda nusu. Akili ninayo jamani, sema tu watu hawanijui.

Gia nimezipata kazini. Mimi ni fundi wa printa za ofisi, na printa ya Mhasibu ina gia nyingi kuliko inavyohitaji. Nimechukua mbili tu.

Inageuka nusu duara! Nilirukaruka jikoni. Kasoro ni mbili ndogo. Gia mbili zikisukumana huzunguka kinyume, kwa hiyo nikisukuma kulia, kreni inakwenda kushoto, na rimoti yangu ya bei poa haina kitufe cha kubadili. Si neno, nitakumbuka. Halafu inashtuka. Mwendo umezidi maradufu, na mzigo unarushwa.

Mama mkwe akamwambia mke wangu amwambie huyu bwana kwamba kreni huanzwa polepole na kuachwa polepole, kazi iko kwenye kidole gumba. Nilikuwa nimekaa palepale! Nikamwambia mke wangu amshukuru.

Alhamisi, 7 Machi

Printa ya Mhasibu inatafuna karatasi. Nani kaitwa aitengeneze? Mimi. Nikaifungua, nikatikisa kichwa kwa huzuni, nikasema kuna vifaa vya kuagizwa nje. Mhasibu akasema juzi ilikuwa nzima kabisa. Nikamwambia ndivyo printa zilivyo, zinaondoka ghafla. Akanipa pole.

Jioni nikazipaka gia mafuta ya nywele ya mke wangu ili mshtuko uishe. Haukuisha. Kreni inanukia vizuri. Mke amenuna.

Ijumaa, 8 Machi

Upelelezi. Daktari wa Meno huiweka meli yake kwenye kabati la kliniki. Nikaenda nikijidai jino linauma, nipate kuchungulia chini ya sitaha. Akapima, akasema kweli limeoza. Sikuwa na habari! Kabla sijashuka kitini, limeng'olewa.

Mdomo wangu umejaa pamba, yeye mwenyewe akaitoa meli kabatini akanionyesha. Gia kubwa na ndogo, kama zangu! Na kisanduku kidogo kati ya servo na kipokezi cha mawimbi ya rimoti, kinachopunguza kasi ili kreni isishtuke. Akasema anacho cha akiba, nikichukue. Bure!

Nilikataa. Mtu hampi mpinzani wake kitu kizuri bure. Lazima ni mtego. Nimerudi na pengo langu na heshima yangu.

Jumapili, 10 Machi

Nitaandika yote.

Ilipofika zamu yangu nilikuwa nakumbuka vizuri: kinyume, kinyume. Nikaudaka mzigo, nikaufikisha juu ya meli. Halafu nikamwona mama mkwe mstari wa mbele, amesimama, jicho moja na bandeji, akili ikaruka. Nikasukuma upande wa gati. Kreni ikakurupuka upande mwingine, mzigo ukamkosakosa Mwenyekiti wa klabu sikio, meli ikalala ubavu. Watu wakacheka. Daktari wa Meno hakucheka, na hilo liliniuma zaidi.

Meli ilipoinuliwa na mzigo kurudishwa mahali pake, mama mkwe akaja akaichukua rimoti mkononi mwangu. Hakuomba ruhusa. Akajaribu kijiti mara moja kulia, mara moja kushoto, akaguna, kisha kidole gumba kikaanza kutambaa. Kreni ileile! Gia zilezile! Ikainuka, ikavuka juu ya meli, mzigo haukuyumba, ukatua gatini bila sauti. Watu wakapiga makofi. Mama mkwe alikuwa analia, na bandeji imelowa. Akasema tangu astaafu hajashika kreni, na hii ameijenga mkwe wangu.

Alilisema. Mbele za watu! Niliona furaha mpaka pengo likauma. Niliona na wivu pia, sifichi.

Jumatatu, 11 Machi

Klabu imemwandikisha mama mkwe kuwa nahodha wa meli yangu. Mimi nimeandikwa msaidizi. Asubuhi alinisemesha mwenyewe, uso kwa uso. Akasema mkwe wangu, leo pumzika, usiguse kitu.

Maskini, ni mzee, anadhani ni kidole gumba. Ni gia! Ingekuwa laini kidogo tu, ningeweza hata mimi. Nimekuja kazini, nimekaa mapokezi tangu saa nne nikiitazama feni ya mezani ya dada wa mapokezi. Inageuka kulia, inageuka kushoto, pana, laini, haishtuki hata kidogo. Siku nzima! Yeye mwenyewe ametoka kwenda kula. Bisibisi ninayo.