Karoti za Chembe

Jumatatu, 3 Machi

Siku ya mizani. Roho juu tangu asubuhi. Watoto kumi na wawili wa Chumba cha Kwanza, mmoja mmoja ndani ya kile kisuruali cha kuning'inia, huyu anacheka, yule anapiga mayowe. Mistari yote ya uzito kwenye kadi imepanda. Isipokuwa wa Chembe.

Chembe ana miaka miwili na nusu. Jina nimempa mimi, kwa udogo wake. Mwezi wa pili sasa mstari wake umelala tu. Zahanati wamempima, wakasema ni mzima. Ila tangu aanze kuja kituo chetu cha kulelea watoto, hali chakula. Anaitazama sahani utadhani imemkosea. Leo bibi yake ameniuliza mlangoni kama anakula. Nikasema anajitahidi. Anajitahidi! Alichojitahidi ni kusukuma sahani.

Mkuu wa kituo akaniita ofisini. Afisa Lishe anakuja Ijumaa. Chembe asipoanza kula kufikia siku hiyo, anahamishiwa Chumba cha Pili, kwa mlezi mwenzangu, Dada Taratibu. Nikaitikia kwa kichwa kama mtu mzima. Mtoto anayeng'ang'ania suruali yangu kila asubuhi hadi bibi yake atokomee! Kwa Dada Taratibu!

Huyo watoto wake wanakula kila kitu. Maharage, mchicha, hata bamia! Nimechungulia dirishani kwake mara tatu kutafuta siri. Hakuna. Amekaa tu kwenye kiti cha watoto, magoti yamefika kidevuni, anakula nao na kupiga soga. Uvivu mtupu. Chumbani kwangu kuna utaratibu: mimi nasimama na kadi na kalamu, mtu mzima hali mbele ya watoto, na kila mtoto na sahani yake.

Jumanne, 4 Machi

Mpango wa kwanza: kuficha. Nimemwambia mpishi asage mchicha auchanganye kwenye uji. Akauliza kama nina hakika. Nikamwambia niachie mimi.

Uji ukatoka rangi ya kuta za hospitali. Watoto wakauchungulia. Kisha mmoja akaanza kulia, na kilio kikazunguka meza nzima. Chembe hakulia. Aliinuka, akabeba bakuli lake kwa mikono miwili hadi kwenye ndoo ya deki, akamimina uji wote humo bila kudondosha hata tone. Akarudi kukaa.

Hasara juu ya hasara: sasa hata uji mweupe waliokuwa wanaunywa wanaukagua kwanza. Saa kumi nimewapa, wote wameunusa. Dada Taratibu akapita, akasema kwa sauti ya upole kwamba watoto hupenda kujua kinachoingia mdomoni mwao. Nikamshukuru. Ana kejeli yule!

Jumatano, 5 Machi

Mpango wa pili. Atakayemaliza vipande vinne vya karoti anapata biskuti. Nikageuka kidogo tu kuchonga kalamu. Nilipogeuka tena, sahani nyeupe! Sahani kumi na moja! Nikagawa biskuti, nikaandika "amekula chote" mara kumi na moja. Nikapita mbele ya Chumba cha Pili nikipiga mluzi.

Mpishi alipokuja kufagia akaniita. Karoti chini ya mkeka. Karoti kwenye mifuko ya aproni. Karoti ndani ya gari la mbao, zimepangwa kama abiria. Arobaini na moja kwa jumla. Nikamsihi asimwambie mtu. Akasema hasemi, huku anacheka hadi ameegemea ufagio. Wakati wa kwenda nyumbani nimevaa viatu, nikazipata nyingine tatu.

Sahani ya kumi na mbili ilikuwa ya Chembe. Yeye hakuficha chochote. Alisukuma karoti, nikamwonyesha biskuti, akaisukuma nayo. Mtoto anakataa biskuti! Nikatoka nje nikajifanya nakagua tangi la maji. Ukweli ni kwamba nililia kidogo. Nimemkosea nini mtoto huyu?

Alhamisi, 6 Machi

Kesho ndiyo kesho. Asubuhi nimevaa soksi za rangi mbili na hakuna aliyeshangaa.

Lakini nimepata mpango wa tatu, na huu ni moto wa kuotea mbali. Mpwa wangu, binti wa dada yangu, miaka minne. Nyumbani tunamwita Fagio. Anakula chochote kilichopikwa. Mwaka jana alimaliza chakula cha fundi bomba wakati fundi ananawa mikono. Nitamkalisha kando ya Chembe awe mfano. Watoto si wanaigana? Dada yangu akasema nimchukue hata mwezi mzima.

Tena, kwa kuwa kesho nitakuwa na mambo mengi, kadi za chakula cha mchana cha kesho nimezijaza leo kabisa. Kwa Chembe nimeandika: "Amekula chote. Ameomba nyongeza." Mwandiko mzuri. Nikagonga na muhuri.

Ijumaa, 7 Machi

Aibu ya mwaka!

Afisa Lishe alifika saa nne. Nani hufika saa nne? Mama mfupi, sauti ndogo, miwani kwenye kamba. Akaomba kadi. Akazisoma zote, hata nyuma. Akauliza chakula cha mchana huliwa saa ngapi. Saa sita kamili, nikamjibu kwa fahari, sisi hatuchelewi. Akatazama saa ya ukutani. Nami nikaitazama. Saa nne na robo. Akasema hana haraka, atasubiri kukiona chakula ambacho watoto wamekwisha kula. Mkuu akashikwa na kikohozi kirefu.

Saa sita. Wali, maharage, karoti. Fagio akamaliza sahani yake. Akamaliza ya Chembe. Akaenda kulia, akaenda kushoto. Saa sita na robo meza nzima ilikuwa inang'aa. Nikaanza kupumua. Ndipo mtoto mmoja, bila kuulizwa, akamwambia Afisa Lishe kwamba mgeni amekula vya watu wote. Fagio akaulizwa kama ni kweli. Akasema ndiyo, na kama kipo kingine kiletwe.

Tangu asubuhi sikuwa nimetia kitu tumboni. Mpishi alipoleta kilichobaki, kalamu nikaiweka chini, nikajitupa kwenye kiti cha watoto, nikala. Sikumtazama mtu. Yamekwisha, nikajiambia, kula tu.

Nikahisi mkono kwenye goti. Chembe. Alinitazama mdomo. Akatazama sahani yangu. Akachukua karoti, akatafuna. Akachukua nyingine. Kisha wali, kwa vidole, akanisogelea akaniegemea kabisa. Sikuthubutu kujikuna. Nilihesabu matonge saba. Afisa Lishe aliacha kuandika. Bibi yake alipokuja kumchukua nilimwambia, na safari hii ilikuwa kweli. Akanishika mikono yote miwili.

Jumamosi, 8 Machi

Mkuu amepiga simu. Kadi zote nizijaze upya, na baada ya mlo. Fagio asikanyage tena. Lakini Chembe anabaki kwangu mwezi mmoja wa majaribio! Niliruka hadi nikamwaga chai.

Afisa Lishe aliniachia ushauri. Mengine ya kawaida tu: nikae chini, nile nao chakula kilekile, nisilazimishe, nisihesabu matonge. Ila moja ni dhahabu. Mtoto mdogo anaweza kuhitaji kupewa chakula kigeni hata mara kumi ndipo akikubali. Mara kumi! Mbona hakuna aliyeniambia mapema?

Nimepanga ratiba. Jumatatu karoti saa mbili, saa mbili na nusu, saa tatu, hivyo hivyo kila nusu saa. Saa sita na nusu mara kumi zimetimia na karoti tumemalizana nazo. Jumanne mchicha. Nimempigia mpishi kumweleza, simu yake ikakatika, na tangu hapo haipatikani.

Limebaki jambo moja. Lile la jana la Chembe kuchukua chakula kwenye sahani ya mtu mwingine. Nilinyamaza kwa sababu ya wageni, lakini haliwezi kuendelea. Atashiba kwangu, kisha yake aisukume, na mara kumi zangu zote ziende na maji. Kwa hiyo kuanzia Jumatatu nakula ofisini, peke yangu. Mlango nitaufunga kwa ufunguo, maana kuusukuma anaweza.