Oksijeni ya Vifungo

Jumatatu, 4 Machi

Baba mkwe anatoa chumba! Kile cha mbele, chenye madirisha mawili yanayotazama barabara kuu, alichofundishia kemia tangu astaafu. Miguu imegoma, hataki tena wanafunzi. Nakitaka mno. Miaka kumi na minne mimi ni fundi cherehani na bado nashonea kwenye korido. Mteja akijaribu suruali, jirani anapita na ndoo.

Lakini mzee hatoi hivi hivi. Katuita wakwe zake wote wawili, akasema chumba hakiendi kwa mtu asiyejua vitu vimeundwa na nini. Jumamosi kila mmoja alete mfano wa atomi ya oksijeni, alioutengeneza kwa mikono yake, na aueleze.

Mkwe wa pili ni mwanyumba wangu, kaoa dada wa mke wangu. Fundi redio. Tunamwita Waya. Anatembea na bisibisi mfukoni hata msibani. Kichwa kikubwa, ndani mikwaruzo tu kama redio zake. Eti huyo ndiye mshindani! Nimecheka mpaka nikajichoma sindano.

Jumanne, 5 Machi

Mama watoto kaniletea daftari la zamani la baba yake. Kumbe kemia yenyewe ndiyo hii! Sijui wanaringia nini. Kuna protoni, zina chaji chanya. Kuna nyutroni, hazina chaji yoyote, zipo zipo tu, kama Waya kwenye kikao cha ukoo. Hizo zimebanana katikati, kwenye kiini. Elektroni zina chaji hasi, zinazunguka nje. Oksijeni ina nane za kila aina.

Ikafuata aya ndefu kuhusu kipi hasa kinaifanya oksijeni iwe oksijeni. Nimeiruka. Si ni elektroni! Ndizo zilizo nje. Mtu anajulikana kwa shati, si kwa figo.

Nitashona atomi yangu kwa vifungo kwenye kitambaa cheusi. Vyekundu protoni, vyeupe nyutroni, vya bluu elektroni. Waya ataipata.

Alhamisi, 7 Machi

Kaja mteja mmoja, mwalimu wa chekechea, anafoka kwamba blauzi yake haina kifungo cha juu. Nimemshonea chekundu ili aondoke. Protoni zimebaki saba. Niende dukani kwa ajili ya kifungo kimoja, mtu mzima mimi? Tena zipo kule ndani, zimebanana. Nani atahesabu?

Ijumaa, 8 Machi

Nimekwenda kwa Waya, nikisingizia kumsalimia shemeji. Atomi yake ipo mezani, ya nyaya na shanga. Upuuzi mtupu. Inazunguka ukiipuliza, lakini ni upuuzi. Shemeji akaenda jikoni kuniletea maji. Nikachomoa elektroni moja, nikaitia mfukoni. Shemeji karudi, nikanywa maji, nikamuuliza habari za watoto. Sikutoka hata jasho.

Zimebaki saba! Kesho oksijeni ya Waya itakuwa chuma. Au chumvi. Nimerudi nyumbani napiga mluzi.

Jumamosi, 9 Machi

Waya kaanza. Kafunua atomi yake, kaona pengo, katoa macho kama mjusi aliyebanwa na mlango. Raha iliyoje! Mzee akamuuliza, basi hii sasa ni kitu gani. Waya akakuna kichwa, akasema bado ni oksijeni, maana protoni zake nane zipo kwenye kiini. Imepoteza elektroni moja tu, kwa hiyo chaji yake sasa ni chanya, nayo inaitwa ayoni. Mzee akasimama, kwa miguu ile ile iliyogoma, akampa mkono. Akasema ayoni hata hakuiomba.

Ikaja zamu yangu. Mzee akavaa miwani, akahesabu vifungo vyekundu kwa kidole. Akarudia. Akauliza cha nane kiko wapi. Nikamjibu kifundi kabisa, kwamba shati likikosa kifungo kimoja linabaki shati.

Akasema elektroni ikipungua, sawa, hilo ni shati lililokosa kifungo. Protoni ikipungua, hilo si shati tena, ni suruali. Nilichomletea ni naitrojeni, na mtu akifungiwa ndani na naitrojeni tupu hatoki mzima. Na kile ninachokiita kiini, akasema, ni kiinimacho.

Waya kacheka. Mama watoto naye kacheka! Chumba kaenda nacho Waya. Nimeumia, sifichi. Nilikuwa nimeshachagua pa kuweka cherehani, chini ya dirisha la kushoto.

Jumapili, 10 Machi

Nimetafakari kwa utulivu. Mwenye makosa ni mwalimu wa chekechea.

Lakini bado mchezo haujaisha! Waya haitaki ile meza ndefu ya mzee iliyomo chumbani, inamzibia nafasi ya redio zake. Meza safi ya kukatia vitambaa! Mzee kasema ni yangu, ila kwanza nimshonee mfano wa maji na nimweleze yameundwaje.

Nimefungua daftari. Haidrojeni mbili, oksijeni moja. Halafu aya ndefu kuhusu kwa nini lazima ziwe mbili. Nimeiruka. Vifungo vinavyofaa kwa haidrojeni nimebakiwa navyo viwili, na kimoja ni cha koti la mteja. Nitaweka kile changu kimoja tu. Maji ni maji. Nani atahesabu?