Kiatu cha Kituo cha Kumi na Saba

Idara ya Mambo ya Chini ya Ardhi inayo furaha kubwa kuutangazia umma kwamba pango lililo nyuma ya makao yake makuu limepimwa, limechorwa, limeidhinishwa, na kwa hiyo sasa lipo. Kabla ya hapo lilikuwa shimo tu, na popo walikuwa wakiishi humo kiholela bila kibali cha mtu yeyote.

Naandika taarifa hii nikiwa Katibu wa Kamati ya Ramani, wadhifa nilioushika miaka kumi na moja bila kuchafua shati. Yapo maneno yanayozagaa mitaani, hasa pale kwa kinyozi, kwamba Mkurugenzi wetu alikwama. Nimeagizwa kuyanyoosha. Mkurugenzi hakukwama. Alithibitisha kipimo.

Nianze na Mchoraji, maana matatizo yote ya idara hii huanzia kwa watu wanaofanya kazi.

Mchoraji ni mwanamke mfupi, mkavu wa maneno, mwenye matope kwenye kucha siku saba za wiki. Huingia pangoni na mjomba wake, mshika utepe wa kupimia, ambaye ofisi nzima tunamwita Mjomba ingawa hatuna undugu naye. Mjomba hutangulia na ncha ya utepe hadi kwenye kona, anapiga alama ya chokaa ukutani, na hapo panakuwa kituo. Kisha anapaza sauti: "Mita nne na nusu!" Mchoraji anarudia, "Mita nne na nusu!" ndipo anaandika. Namba isiyorudiwa kwa sauti haiandikwi. Halafu anatazama dira na kuchora papo hapo, amelala kifudifudi, tochi kichwani: kuta, mawe yaliyoporomoka, maji yanayodondoka, hata kinyesi cha popo. Siku moja nilimuuliza kwa nini asichore ofisini, mezani, kama watu wastaarabu.

"Ofisini hakuna pango, Katibu," akanijibu. "Nachora ninachokiona, wakati nakiona. Nikishatoka nje sigusi tena mstari."

Mnaona wenyewe tulikuwa tunashughulika na mtu wa aina gani.

Ramani ililetwa mbele ya Kamati siku ya Jumanne. Wajumbe, ambao hakuna hata mmoja aliyewahi kuingia pangoni na kwa hiyo hawakuwa na upendeleo, waligundua kasoro mara moja. Pango lilikuwa na kona nyingi kupita mahitaji. Mbaya zaidi, kwenye kituo cha kumi na saba njia ilibana ghafla ikabaki sentimita thelathini na nne kutoka chini hadi juu, wakati Mwongozo wa Wageni unadai mita mbili. Na ng'ambo ya hapo, baada ya chumba kikubwa kilichoandikwa "Ukumbi", kulikuwa na njia nyingine inayopanda, inapanda, hadi inaishia chini ya stoo yetu ya mafaili.

"Hii ya stoo ni matusi," alisema Mkurugenzi. "Idara inayosimamia mashimo haiwezi yenyewe kukaa juu ya shimo."

"Inakaa, mheshimiwa," alisema Mchoraji. "Nilipofika pale juu nilimsikia Katibu akimfokea mtu kuhusu stepla."

Ni kweli stepla ilipotea wiki ile, lakini huo si ushahidi wa kijiolojia.

Mkurugenzi ni mtu mkubwa kwa cheo na kwa umbo. Alimtazama kwa upole, akamwambia, "Binti, kupanua mwamba kutatuchukua miaka. Kupanua ramani kunahitaji kifutio tu."

"Jumatatu watoto wa shule wanaingia na ramani hiyo mkononi," alisema Mchoraji. " Darasa la nne. Mwanangu yumo kwenye kundi la kwanza. Mtoto akisoma mita mbili ataingia mbio. Atakwama humo gizani, na nyuma yake wenzake wanasukuma. Mnanielewa? Mimi naogopa."

"Ramani ikishapigwa muhuri, woga unaisha," alisema Mkurugenzi.

Nikafuta. Kona saba zikanyooka, kituo cha kumi na saba kikapata mita zake mbili, njia ya stoo ikaondoka duniani. Nikapiga muhuri. Mkurugenzi akasaini huku anaongea na simu. Lazima niseme hapa kwamba Mkurugenzi hasomi anachosaini. Husema kusoma ni kumdharau aliyeandika. Akiuona muhuri, mkono unakwenda wenyewe. Mchoraji peke yake ndiye aliyekataa kuweka jina lake, tukamsimamisha kazi kwa kosa la kuchora kwa dharau. Barua niliipiga chapa mwenyewe, nakala tatu.

Ufunguzi ulikuwa Jumamosi asubuhi. Walikuwepo waandishi wa habari, wajumbe wote, na mke wa Mkurugenzi, ambaye alibaki mdomoni mwa pango kwenye kiti. Mkurugenzi alivaa kofia ngumu mpya na viatu vyeusi vya kung'aa. Ratiba ilisema atembee hadi Ukumbini, atoe hotuba ya dakika arobaini, arudi. Mjomba alitangulia, kwa kuwa hakuna mwingine aliyejua pa kukanyaga.

Tulianza kupata usumbufu mapema. Palipokuwa pamenyooshwa kwenye ramani, pango liliendelea kupinda kana kwamba halikupata waraka. Mjumbe wa sheria aligonga paji la uso mara mbili mahali ambapo kisheria hapakuwa na kitu. Hatimaye tukafika kituo cha kumi na saba. Ukuta ulisimama mbele yetu, na chini yake kulikuwa na mwanya kama nafasi iliyo chini ya kitanda.

"Njia iko wapi?" aliuliza Mkurugenzi.

"Ndiyo hiyo, mheshimiwa," alisema Mjomba. "Sentimita thelathini na nne. Na wewe, samahani, wewe una..." Akalitazama tumbo la Mkurugenzi, akakumbuka adabu, akageuzia tochi ukutani.

Mkurugenzi akafungua ramani. "Hapa pameandikwa mita mbili. Saini hii ni ya nani?"

"Ni yako, bosi," tukajibu wote.

"Basi?"

Waandishi walikuwa wameshainua kamera. Mtu mwingine angerudi nyuma, na hiyo ndiyo tofauti kati ya mtu mwingine na kiongozi. Mkurugenzi alilala kifudifudi akatanguliza mikono. Kichwa kikapita. Mabega yakapita kwa majadiliano. Kisha tumbo likafika, na mambo yakatulia.

"Endelea, mheshimiwa!" tulimhimiza.

"Naendelea!" ilijibu sauti kutoka upande wa pili. Miguu haikusogea.

Baada ya nusu saa ya kuendelea, nilitoka nje kuwapigia zimamoto. Wale hawatoi gari bila vipimo vya eneo, na mimi nikawasomea ramani rasmi, kwa kuwa nyingine sina.

"Mita mbili kwenda juu?" aliuliza mtu wa zimamoto.

"Mita mbili kamili."

"Na mtu wenu amekwama?"

"Kwa lugha isiyo rasmi, ndiyo."

"Sasa bosi," akasema, "si mwambie tu asimame." Akakata simu.

Mke wa Mkurugenzi aliuliza kuna nini. Nilimweleza kwamba mumewe anathibitisha kipimo. "Kipimo gani?" akasema. "Mlango wa bafu nyumbani alishauthibitisha mwezi uliopita." Akaendelea kujipepea kwa ratiba.

Mjomba, aliyekuwa amenifuata nje, ndiye aliyechukua simu na kumpigia mpwa wake, bila kibali. "Mpwa wangu, njoo. Bosi wako amefika kumi na saba." Akasikiliza. "Hapana, hajavuka. Ndiyo hiyo shida." Akarudi pangoni.

Mchoraji alikuja kwa miguu, na kitabu chake kwapani. Hakuja pangoni. Alikwenda moja kwa moja stoo ya mafaili, nami nikamfuata mbio.

"Huko hakuna njia," nilimwambia. "Tuliifuta."

"Mliifuta kwenye karatasi, Katibu. Nisaidie kusogeza hili shelfu."

Lilikuwa shelfu la malalamiko ya wananchi, ambalo halikuwahi kuguswa tangu lijengwe. Chini yake bamba la sakafu lilikuwa limepasuka, na kupitia ule ufa tulimsikia Mkurugenzi, waziwazi kabisa, akimwita mama yake. Mchoraji akaliinua bamba kwa mtaimbo wa mlinzi, akateremka. Nilisimama nikajiuliza kama mtumishi wa umma anaruhusiwa kuingia katika njia isiyokuwepo. Kisha shati langu likanasa, likachanika, nami nikawa nimeshaingia.

Ukumbini tulikuta kichwa cha Mkurugenzi na mikono yake miwili vikitoka ukutani, usawa wa magoti yetu. Nilikuwa sijawahi kumtazama kutoka juu. Anaanza upara.

"Binti!" alisema. "Nitoe."

Mchoraji alichuchumaa mbele yake, akafungua kitabu chake. "Nitakutoa. Mjomba atavuta miguu, mimi nitasukuma mabega. Ila kwanza niambie hapa ulipo pana kipimo gani."

"Unajua kipimo gani!"

"Mimi nimesimamishwa kazi, sijui kitu. Ramani inasema mita mbili. Mtu aliye kwenye mita mbili anatembea, hasukumwi."

Mkurugenzi alinitazama mimi. Nilitazama dari.

"Jumatatu mwanangu anaingia humu," Mchoraji alisema. "Ungekuwa yeye, ungekuwa unalia saa hizi."

Kwa haki ya taarifa, Mkurugenzi alikuwa tayari analia kidogo.

"Thelathini na nne," alinong'ona.

"Sikusikia."

"Sentimita thelathini na nne!" Pango zima likajibu.

"Sentimita thelathini na nne," Mchoraji alirudia, akaandika. Akamsogezea kitabu na penseli. "Saini hapa, kurudisha kipimo. Na hapa, kurudisha njia ya stoo. Na hapa kwenye ukurasa wa tatu."

"Piga muhuri, Katibu!" alinguruma Mkurugenzi.

Muhuri ninao mfukoni daima. Nilipiga mara tatu. Ukurasa wa tatu niliuona, nikausoma hata, lakini si desturi yangu kumkatiza Mkurugenzi anaposaini. Aliuona muhuri, mkono ukaenda.

Utoaji wenyewe ulikuwa wa kawaida. Mchoraji alimwambia atoe pumzi yote, pamoja na ile aliyokuwa ameitunza kwa ajili ya hotuba. Mjomba na wajumbe wakavuta viatu upande ule, Mchoraji akasukuma upande huu, vifungo vitano vya shati vikabaki na mwamba, na kichwa cha Mkurugenzi kikatoweka tunduni. Mchoraji akapita palepale kama barua chini ya mlango. Mimi nilibaki Ukumbini, lakini kupitia tundu nilisikia kila kitu.

Nilimsikia mjumbe wa sheria akiuliza kiatu cha kushoto cha Mkurugenzi kiko wapi. Kilikuwa kimemchomoka Mjomba mkononi kikatumbukia kwenye ufa wa sakafu, ufa mwembamba, mrefu kuliko mkono wa mtu. Nilimsikia Mjomba akimulika.

"Kiatu kimoja!" akapaza sauti.

"Kiatu kimoja!" akarudia Mchoraji. Penseli ikakwaruza.

"Hicho usichore," alisema Mkurugenzi.

"Nimeshakiona, mheshimiwa."

Jumatatu watoto waliingia. Kamba ilifungwa kituo cha kumi na sita, na hakuna aliyekwama, hakuna aliyelia. Mtoto wa Mchoraji, msichana mwenye sauti kali kama filimbi, aliomba kumulika ng'ambo ya kamba, akatangaza kwa darasa zima kwamba ufa wa kwenye ramani upo, kiatu cha kwenye ramani kipo, na kina kamba zimefungwa vizuri. Darasa zima likarudia kwa sauti: "Kiatu kimoja!" Nadhani walifundishwa.

Jumanne Kamati ilikutana kwa dharura. Kwa kauli moja tuliazimia kwamba kiatu kifutwe kabla ramani haijasambazwa katika shule nyingine. Nilikuwa nimeshashika kifutio Mchoraji alipoingia, mikono ina matope kama kawaida, akaweka mezani ukurasa wa tatu. Mkurugenzi aliusoma. Nadhani ndio ulikuwa waraka wa kwanza aliousoma tangu ateuliwe, kwa jinsi midomo yake ilivyokuwa ikihangaika. Uliandikwa hivi: Kuanzia leo, hakuna atakayebadili wala kusaini ramani ya pango kabla hajapita njia yote mwenyewe, kwa tumbo lake. Chini palikuwa na saini yake na muhuri wangu.

"Nani atapita?" aliuliza Mkurugenzi.

Kila mjumbe alitazama tumbo lake. Kisha wote wakanitazama mimi, kwa kuwa ni mwembamba. Niliwaeleza kuhusu mgongo wangu, ambao ulianza kuuma dakika ile.

Hivyo ramani ilitoka kama ilivyochorwa, na Mchoraji akarudishwa kazini kwa barua, nakala tatu. Kila Jumatatu Mkurugenzi hupita kwenye meza ya Mchoraji na kuuliza kwa upole kama hakuna namna. "Ipo, mheshimiwa," Mchoraji humjibu, akimsogezea kofia ngumu. "Pita kwanza." Mkurugenzi hurudi ofisini kwake, akitembea polepole mbele ya mlango wa stoo.

Idara inapenda kuwahakikishia wazazi kwamba ramani iliyo mikononi mwa watoto wao ni sahihi. Kiatu kiko kituo cha kumi na saba, chini kidogo ya mstari wa ukuta. Ni cheusi, cha kushoto, namba arobaini na tatu.