Wiki ya Hewa Safi Nyumbani Kwangu

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Leo nimekuwa mtu. Bi Beatrice wa mradi wa hewa safi amenikabidhi fulana ya kijani, kofia na vipeperushi mia mbili. Cheo: mhamasishaji. Kazi: kuwaelimisha wananchi wa Karatu kwamba namna wanavyosafiri ndiyo hewa wanayovuta. Tembea kama si mbali. Pandeni gari moja watu wengi. Zima injini ukisimama. Tupo wawili kwenye majaribio, mimi na Marsela. Ijumaa, sikukuu ya Nane Nane, mmoja wetu atatangazwa mratibu mbele ya mkutano wa hadhara. Marsela ni mwalimu mstaafu, magoti yake mabovu. Sina wasiwasi.

Nimefika nyumbani kifua mbele. Leonida hakuiona fulana. Alikuwa anakohoa. Mke wangu anakohoa tangu Juni, tangu nilipomkaribisha jirani yetu Nelson, dereva wa watalii, alaze Landkruza uani kwetu, chini ya dirisha la chumba chetu. Nelson huiwasha saa kumi na moja alfajiri na kuiacha ingurume saa nzima. Ndivyo wafanyavyo madereva wa hapa msimu huu wa baridi, wageni wakute gari lina joto. Yeye huyoo, anakwenda kunywa chai. Moshi wa dizeli unaingia kwetu. Mimi kwa upande wangu napata lifti kila asubuhi.

Leonida amesema maneno machache. Daktari amemwambia kifua hakitapona akiendelea kuvuta moshi ule. Gari liwe limetoka uani ifikapo Ijumaa, la sivyo Jumamosi anarudi kwao Buger. Hakufoka. Hilo ndilo lililonitisha. Miaka kumi na tisa ya ndoa, sijui hata chumvi inakaa wapi. Nampenda mwanamke huyu, na naandika hivyo kwa sababu kumwambia nimesahau namna. Lazima nitafute mbinu.

Kwa kuanzia nimempa kipeperushi. Alikifungua, akaweka kidole penye "Zima injini ukisimama", akanirudishia.

Jumanne, 5 Agosti

Alfajiri Bi Beatrice ametutumia ujumbe kwamba mhamasishaji lazima awe mfano. Kila asubuhi atasimama mlangoni aone nani kaja kwa miguu. Bahati nzuri Nelson alikuwa ameniambia mapema kuwa anapita njia ya kanisani. Akanishusha nyuma ya kanisa, hatua chache kutoka ofisini. Tatizo: ndani ya Landkruza mtu hachafuki, na njia ya kutoka kwangu ni vumbi jekundu tupu. Nikachota konzi mbili, nikajipaka viatu na suruali hadi magotini. Nikaingia nikihema.

Bi Beatrice alifurahi sana. Marsela, aliyetembea na fimbo yake kutoka Ganako, aliniangalia mbele. Akanizunguka. Akaniangalia nyuma. Akauliza kwa upole imekuwaje vumbi lipo mbele tu, maana mtembea kwa miguu visigino vyake humrushia vumbi nyuma. Kweli, nyuma nilikuwa msafi kama bwana harusi. Nikasema mteremko wote nilitembea kinyumenyume, kwa ajili ya mgongo. Marsela akanipa pole ya mgongo. Pole ile sikuipenda.

Mchana tumepewa kila mmoja kitambaa cheupe. Tukitundike kwenye dirisha la chumba cha kulala, tukilete Ijumaa, wananchi waone kwa macho yao kilichomo hewani. Nimekitundika. Leonida ameniangalia nikipiga msumari, akauliza kama nimezungumza na Nelson. Nimesema kesho.

Jumatano, 6 Agosti

Msiba. Usiku mmoja tu, na kitambaa kimekuwa rangi ya tako la sufuria. Mhamasishaji wa hewa safi anapeleka wapi kitu kama kile? Nimekibandua, nimechana shuka jipya, nimepata kitambaa kingine, nimekitundika ndani ya kabati. Kitakaa humo hadi Ijumaa. Kile cheusi nilitaka kukichoma lakini niliporudi na kiberiti sikukikuta. Labda upepo.

Jioni nimekwenda kwa Nelson. Maneno nilikuwa nimeyapanga vizuri kama kuni. Nikaanza na salamu. Habari za wageni. Habari za kreta anakopeleka watalii, baridi ya huko juu, foleni ya geti la hifadhi. Nelson akaniuliza, kaka Clemensi, una jambo? Nikasema ndiyo, ninalo. Nikamtazama. Nikafikiria kutembea dakika arobaini kila asubuhi, kwenye vumbi lile, na Marsela akinipita. Nikasema kesho tunasafiri na mradi, hivyo naomba aondoke nusu saa mapema. Akakubali kwa moyo mweupe. Maana yake gari litawashwa saa kumi na nusu.

Leonida ameniuliza Nelson amesema nini. Nimesema amenielewa. Huo si uongo.

Alhamisi, 7 Agosti

Piyaya, kijiji cha mbali. Tumekwenda kuwaelimisha wafugaji faida za kutembea kwa miguu. Tulikwenda na magari mawili: moja la watu watatu na dereva, la pili la mabango, spika na viti. Njia nzima tulikuwa tunapita watu wanaotembea. Tuliwafunika kwa vumbi, tukafika mchana, tukawasubiri wao wafike kwenye mkutano.

Nimehutubia kwa hisia. Nikasema ndugu zangu, tuyaache magari, turudi kwenye miguu yetu. Mzee Saning'o, mwenyeji wetu, akasimama taratibu na kusema amenisikia vizuri. Akauliza hayo magari ya kuacha yako wapi, maana kijijini kwake leo yapo mawili, na yote nimekuja nayo mimi. Kisha akasema, bila kebehi yoyote, kwamba kuna mama anaitwa Nareyu, mjamzito, amevimba miguu, na kituo cha afya ni mwendo wa siku nzima. Kama elimu imekwisha, gari linaweza kumbeba?

Bi Beatrice alijibu kabla sijamaliza kufikiri. Nareyu akapewa kiti changu, na mama yake akakaa pembeni. Mimi nikapanda gari la mizigo, nyuma kabisa, katikati ya viti, dirisha bovu halifungi. Vumbi lote la gari la mbele lilipitia puani mwangu. Nimekohoa hadi machozi. Macho mekundu, kifua kinawaka, nikawaza: hivi ndivyo mtu anavyoweza kufa.

Nimefika nyumbani nikikohoa. Leonida naye anakohoa. Alinipa maji ya moto na tangawizi, akanisugua mgongo. Nilimwambia hakuna anayejua mateso yangu. Mkono wake ulisimama kidogo, kisha ukaendelea kusugua.

Ijumaa, 8 Agosti

Sijui niandike vipi.

Uwanja ulijaa. Marsela alionyesha kitambaa chake, kina ukungu wa kahawia, akaeleza kwamba anakaa karibu na barabara na kwamba amewaomba waendesha bodaboda watatu wa kijiwe cha jirani wazime pikipiki wanaposubiri abiria. Watu walipiga makofi kidogo. Mimi nikatoa changu. Cheupe, kinang'aa. Makofi mengi. Bi Beatrice akaniuliza kwenye kipaza sauti siri ya nyumba yangu ni nini. Nikasema ni nidhamu.

Hapo nikaona mtu anasimama katikati ya wanawake. Leonida. Alikohoa kwanza, kwa muda mrefu, na uwanja wote ukamsubiri. Akafungua mkoba wake, akatoa kile kitambaa cheusi. Akasema hiki ndicho kilichotundikwa dirishani kwake, usiku mmoja. Gari la kitalii linangurumishwa pale kila alfajiri. Yeye hana elimu ya hewa, ila anaomba mtaalamu yeyote aliyepo amsaidie, maana mtaalamu wa nyumbani amemshinda.

Ningeweza kunyamaza. Ningeweza kusema ni kweli mke wangu, nisamehe. Maneno yalikuwepo, yalifika hadi kooni. Nikashika kipaza sauti nikasema yale ni masizi ya jikoni, mama huyu ana tabia ya kuunguza maharage. Watu walicheka sana. Ndicho kicheko kikubwa nilichowahi kukipata maishani. Leonida alikunja kitambaa mara nne, akakaa.

Mratibu ni Marsela.

Jumamosi, 9 Agosti

Ameondoka. Begi moja, mwavuli, na picha ya Goodness, binti yetu aliye shule ya bweni. Nilimwambia Nelson anaweza kumpeleka mpaka stendi. Alisema, Baba Goodness, asante, nitatembea. Nilisimama getini hadi alipopotea kwenye kona. Alisimama mara mbili kupumua. Mara zote mbili nilidhani anageuka.

Nelson alikuja baadaye amevua kofia. Amesikia ya uwanjani. Alikuwa hajui kabisa kama shemeji anaumwa kwa sababu yake. Kaka, alisema, ungeniambia siku ya kwanza ningelitoa siku hiyo hiyo, mbona bosi ana uwanja mkubwa, nililaza hapa kwa sababu wewe ulinibembeleza. Alikuwa karibu kulia. Amelitoa. Tena amesema kuanzia sasa haachi injini ikinguruma bure.

Yaani hata Nelson ameelimika. Nami sina lifti.

Jumapili, 10 Agosti

Nyumba kimya. Sikwenda kanisani. Nimetafuta chumvi, sikuiona, nimekula ugali na mboga isiyo na ladha. Nilipoamka nilisubiri kikohozi chake, nikakikosa, nikajifunika shuka lililochanika nikalia kama mtoto.

Jioni amepiga simu. Sauti yake ni nyepesi, sikuitambua. Hewa ya Buger ni nzuri, amelala usiku mzima. Amesema hanichukii. Nikija ukweni na kumwambia baba yake kwa kinywa changu kwamba uani kuna hewa safi, atarudi. Nimeapa. Nimetetemeka kwa furaha.

Nimefikiri kwa makini. Basi la Buger linajaza watu kama magunia, na mkwe mwenye kosa hawezi kuonekana akishuka kwenye basi, atadharauliwa. Nelson amekataa, anasema watu wawili wasichukue Landkruza nzima. Namshukuru Mungu nimempata dereva mwingine, Sitonik, ana Landkruza ya zamani, dizeli, haiendi vizuri bila kuachwa ingurume kwanza kwa saa mbili nzima. Nimemkaribisha ailaze uani leo. Ameiegesha chini ya dirisha la chumba, ambako kwa sasa hakuna anayelala zaidi yangu. Nimemwomba aiwashe saa kumi alfajiri, tuwahi Buger kumwambia Leonida kwamba nyumbani hewa ni safi.