Maneno ya Kanga Nyekundu

Jumatano, 11 Julai 1934. Bagamoyo.

Kesho tunakwenda Dar es Salaam kutazama ngoma ya lelemama ya chama cha Kilua! Wanawake kumi na wanne, lori moja. Bi Hind, mkubwa wa chama chetu cha Asmini, ana jambo moja tu moyoni: kumwonyesha Bi Zeina, mkubwa wa Kilua, kwamba na sisi tunajua kuvaa. Wawili hawa walikuwa wake wa mume mmoja, marehemu Hashil. Miaka kumi hawasemezani.

Mimi ndiye karani wa chama. Nilihitimu chuo cha Kurani, herufi za Kiarabu nazisoma hata gizani. Leo Saadiya, anayeutamani ukarani wangu kuliko chakula, kauliza mbele za watu kama nasoma pia hizi herufi mpya za Kizungu. Nikamwambia nazinywa kama maji. Sizijui hata moja. Lakini atajuaje?

Alhamisi, 12 Julai. Dar es Salaam.

Lori limetumwaga Kariakoo, vumbi mpaka kwenye kope. Tumefikia Mtaa wa Msimbazi, kwa mpwa wa Bi Hind. Chumba cha mbele kapanga Severa, aliyesoma misheni. Mumewe Wilbert anafanya kazi karakana ya reli, mtaa wa Gerezani. Severa ni mpole mno. Simwamini.

Bi Hind kanituma nitafute sare: kanga mpya ambayo Kilua hawajaitia machoni. Nikituaibisha, kalamu anapewa Saadiya. Saadiya naye akajitolea kunisindikiza, eti nisipotee! Nitamwacha sokoni kesho. Leo nimeshapanga: kwenye vitunguu, akiinama tu.

Ijumaa, 13 Julai.

Aliinama. Nikatoka mbio.

Na nimepata! Duka la Harilal. Nyekundu, pindo jeusi, mchoro wa korosho kila pembe, na maneno kwa herufi za Kizungu. Usasa mtupu! Zilikuwa rafuni juu kabisa, doti kumi na nne kamili, zimeshika vumbi. Mtu mwingine angejiuliza kwa nini hazijanunuliwa. Mimi nilimshukuru Mungu.

Harilal kaniuliza kama maneno nimeyaona. Nikayafuata kwa kidole, taratibu, kutoka kulia kwenda kushoto, nikatikisa kichwa kama mtu aliyeguswa. Nikasema maneno mazito haya. Harilal akakohoa sana, sijui kwa nini. Akasema mazito kweli, bibi, wengi wameyaogopa. Akapunguza bei hata sijaomba!

Nyumbani Saadiya akataka yasomwe. Nikasoma bila kumeza mate: Asmini yanukia, wenye wivu zibeni pua. Vigelegele! Severa alikuwa mlangoni, akafungua mdomo. Nikamwambia wali wake unaungua.

Jumamosi, 14 Julai.



Alasiri, kiwanja kimejaa. Kilua juu ya benchi refu, wamevaa nyeupe, pembe zinalia, mikono yao inapanda na kushuka pamoja kama ya mtu mmoja. Walikuwa wazuri. Nalisema hapa tu.

Sisi tukaingia kwa maringo, kama nilivyopanga, tukawapa mgongo ili wasome vizuri. Wakasoma! Kikaanza kicheko kimoja, cha pili, kisha pembe zikanyamaza. Mwanamke mmoja akasoma kwa sauti mpaka barabarani wakasikia: NISAMEHE MKE MWENZANGU.

Migongo kumi na minne! Na wa mbele kabisa, mgongo wa Bi Hind!

Nilitamani ardhi ipasuke. Saadiya kanigeukia, meno yote nje. Ukarani wangu nikauona unaondoka kwa miguu yake mwenyewe.

Mara Bi Zeina akashuka benchini. Akaja mpaka kwa Bi Hind, akamshika mkono, machozi yanamtiririka. Akasema neno hilo amelingoja miaka kumi. Akasema na yeye asamehewe, hata lile sinia la shaba la marehemu analo uvunguni, atalirudisha. Bi Hind akafungua mdomo akanushe. Nilimwona! Kisha akaufunga. Kisha akamkumbatia mwenzake, wakalia wote wawili. Na mimi nililia, kwa woga.

Tukawekwa mikeka ya mbele. Wakatuchezea mara mbili, wakatulisha biriani. Bi Hind akanivuta kando akaniuliza kama nilijua kilichoandikwa. Sikio la Saadiya lilikuwa hapo hapo. Nikasema nilijua tangu dukani, ila ningewaambia mngekubali? Akanibusu paji la uso.

Saadiya hakugusa biriani. Nikamlia yake.

Jumapili, 15 Julai.

Kabla ya safari Severa akaniita jikoni. Anajua, huyu! Akasema kwa upole wake ule kwamba nikikaa wiki mbili atanifundisha herufi zote, bure, na mtu hatajua. Nikamshukuru. Mimi, niliyepatanisha wake wenza mbele ya mji mzima, nikakae mkekani nifundishwe? Nikapanda lori.

Saadiya hakupanda. Anabaki wiki mbili kwa Severa, eti kujifunza kushona. Aibu imemzidi, maskini.

Jumatatu, 30 Julai. Bagamoyo.

Barua ya Bi Zeina imefika! Herufi za Kizungu, mistari mitatu. Bi Hind kanipa niisome leo alasiri mbele ya chama chote, maana nani mwingine?

Nimekaa nayo tangu asubuhi. Nimeamua inasema hivi: Kilua wanatualika tena, karani apewe kiti cha mbele, Saadiya abaki kulinda nyumba.

Saadiya mwenyewe karudi jana. Mpole kama Severa. Hana hata sindano mkononi. Kaomba akae karibu yangu nikisoma, ajifunze. Mwishowe amekubali yeye si kitu kwangu! Nimemruhusu akae bega kwa bega nami.

Nimeshafanya mazoezi mara tatu, kwa kidole, polepole, kutoka kulia.